Mifugo Ilipoingia Shambani Usiku

*TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 13*

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Alhamdulillah, tumeamka na funga ya 13. Allah aikubali. Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko ya jana. Ukipenda, soma nusu baada ya alfajiri na nusu ukisubiri futari. Ila usiiache njiani, kwa sababu kazi yenyewe ya leo ipo mwishoni.

Tuanze na jina la mwezi wetu. Wanazuoni wa lugha wanasema neno Ramadhani lina asili ya ramadh, yaani ukali wa joto la ardhi iliyopigwa na jua. Asili hiyohiyo imo katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kuhusu swala ya dhuha, ambapo Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa wakati wake ni pale ndama wa ngamia wanapoanza kuunguzwa na mchanga. Angalieni jamani, saa ya swala inaelezwa kwa nyayo za ndama! Waliokuwa wakimsikiliza walikuwa watu wa mifugo, na walijua bila saa ya ukutani ni wakati gani ndama hukimbilia kivuli. Mtume mwenyewe alichunga kondoo wa watu wa Makka kwa ujira, na akatufahamisha kuwa Manabii wote walichunga.

Kwa hiyo leo tuzungumze habari za wachungaji wa kale na kuhamahama kwao. Humo mna funzo kuhusu haki ya jirani, nalo tunalihitaji sana mwaka huu.

*1. Kwa nini walihama*

Wapo wanaodhani mfugaji anahama kwa kuwa hapendi kutulia. Sivyo. Anahama kwa hesabu.

Chukua mfano wa nyika za Syria na Iraq. Mvua huko huanza karibu na Oktoba au Novemba na hukoma karibu na Aprili au Mei. Katika miezi hiyo, nyika ambayo kiangazi ni vumbi tupu huota majani. Wachungaji wa kale walitoka mabondeni na makundi yao ya kondoo na mbuzi, wakaenda nyikani, wakapiga mahema. Kiangazi kilipoingia, majani yakakauka na maji yakapungua, ikabidi warudi kwenye mto mkubwa wa Furati, ambako maji hayakatiki.

Bara Arabu nako hali ilifanana. Baada ya mvua za kipupwe, watu walitawanyika jangwani kufuata majani mabichi. Joto lilipopanda walikusanyika kwenye visima. Katika Suratun Nahl, aya ya 80, Allah anawakumbusha neema ya nyumba za ngozi za wanyama, nyepesi kubeba siku ya safari na siku ya kutua. Na katika aya ya 6 ya sura hiyohiyo anataja uzuri wanaouona wanapowarudisha wanyama jioni na wanapowatoa asubuhi. Aliyewahi kuona kundi likirudi zizini magharibi, vumbi limepanda na ndama wanaita mama zao, anaielewa aya hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa niulize: kule mtoni wanakorudi kiangazi, kuna nani?

Kuna mkulima. Yeye alipanda shayiri na ngano tangu mvua za kwanza, na anavuna karibu na Aprili na Mei. Akishavuna, shambani hubaki mabua. Mabua hayo ni chakula cha kondoo, na kondoo wakilala shambani huacha samadi. Mfugaji amepata malisho ya kiangazi, mkulima amepata mbolea ya msimu ujao. Tena wanabadilishana: nafaka kwa sufu, maziwa na ngozi. Kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Lakini kila kitu kilitegemea wakati. Kundi likifika wiki mbili baada ya mavuno, ni rafiki. Kundi lilelile, kondoo walewale, likifika wiki mbili kabla ya mavuno, ni janga. Familia nzima inaweza kulala njaa mwaka mzima kwa kazi ya usiku mmoja.

*2. Ugomvi huu ni wa zamani*

Mwaka 1933 wachimbaji wa mambo ya kale walianza kuufukua mji wa Mari, huko Syria kando ya Furati. Baada ya muda wakawa wamepata mabamba ya udongo yaliyoandikwa, zaidi ya 20,000. Mengi ni ya karne ya 18 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), zama za mfalme Zimri-Lim. Humo mna barua za maofisa wa mfalme zinazozungumzia kondoo walioko nyikani na makabila yanayohama nao. Jambo moja humo linafaa tulitafakari: mara nyingi kabila lilikuwa moja. Wengine wako nyikani na kondoo, wengine wako vijijini kando ya mto wakilima. Mfugaji na mkulima walikuwa ndugu wa ukoo mmoja.

Mfalme aliyeuteka mji huo ni Hammurabi wa Babeli. Yeye ndiye aliyeacha sheria zilizochongwa kwenye jiwe jeusi ambalo leo liko katika makumbusho ya Louvre, Paris. Sheria mbili kati ya hizo zinamhusu mchungaji. Ya kwanza: akilisha kondoo kwenye shamba la mtu bila makubaliano, mwenye shamba atavuna kilichobaki, na mchungaji ataongeza kumlipa nafaka gur 20 kwa kila kipimo cha shamba kilichotajwa. Ya pili ni kali zaidi. Ikiwa imeshatangazwa langoni mwa mji kwamba msimu wa malisho umekwisha, na makundi yameshatoka mashambani, kisha mchungaji akaachia kondoo shambani, basi atalilinda yeye shamba lile, na mavuno yakifika atampimia mwenye shamba gur 60. Mara tatu!

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu wa pili alishasikia tangazo. Huyu hawezi kusema "sikujua."

Huyo ni mfalme aliyeabudu miungu mingi. Hata hivyo aliona kwamba jasho la mkulima haliwezi kuliwa bure. Je, sisi tulioletewa Qur'ani?

*3. Kesi mbele ya Nabii Daud*

Fungua Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79. Allah anatukumbusha habari ya Nabii Daud na mwanawe Suleiman (a.s.) walipohukumu kuhusu shamba ambalo kondoo wa watu waliingia. Neno lililotumika katika aya, nafashat, wafasiri wanalieleza kuwa ni mifugo kutawanyika na kula usiku bila mchungaji. Usiku! Yaani wakati mwenye shamba amelala.

Wafasiri, wakipokea kutoka kwa masahaba kama Ibn Abbas na Ibn Mas'ud (r.a.), wanasimulia hivi. Shamba lilikuwa la mizabibu, kondoo wakalila likaisha. Nabii Daud akaona thamani ya hasara inalingana na kondoo, akahukumu mwenye shamba apewe kondoo wale. Hukumu ya haki, hasara imelipwa. Lakini Suleiman akaona njia nyingine. Kondoo wakabidhiwe mwenye shamba kwa muda, afaidi maziwa yao, sufu yao na watoto watakaozaliwa. Shamba akabidhiwe mwenye kondoo, alihudumie mpaka mizabibu irudi ilivyokuwa. Ikifika hapo, kila mmoja arudishiwe mali yake.

Hebu tulia hapo kidogo. Kwa hukumu ya kwanza, mkulima amelipwa lakini mfugaji ameondoka mikono mitupu, kazi yake imekufa. Kwa hukumu ya pili, mkulima hakulala njaa, maana ana maziwa kila asubuhi. Na mfugaji hakufilisika, ila amepewa adhabu inayofundisha: ameshika jembe. Amepalilia, amemwagilia, ameona kwa macho yake inachukua muda gani mzabibu kurudi. Na mkulima naye ameamka alfajiri kukamua, amejua mnyama anahitaji maji kiasi gani. Nadhani siku waliporudishiana mali, kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho jingine.

Qur'ani inasema kuwa Allah alimfahamisha Suleiman hukumu ile, na palepale inasema wote wawili walipewa hekima na elimu. Hakudharauliwa baba kwa sababu mtoto ameona mbali. Na hili wazee wetu wa mabaraza walishike: kijana akileta suluhu bora, hadhi ya mzee haipungui kwa kuikubali.

*4. Madina nako*

Msidhani ni habari za Bani Israil peke yao. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.), sahaba mkubwa, aliingia kwenye bustani ya mtu akaharibu. Kesi ikafika kwa Mtume (s.a.w.). Akahukumu kwamba wenye bustani wana wajibu wa kuzilinda mchana, na wenye mifugo wanawajibika kwa kinachoharibiwa na mifugo usiku. Imam Shafii na wanazuoni wengi wameishika hukumu hii. Oneni mizani yake: mchana mkulima yuko macho, alinde chake. Usiku mnyama anatakiwa awe zizini, mwenyewe amfunge. Kila mmoja amepewa zamu yake, hakuna aliyeachiwa mzigo wote.

Na Sayyidna Umar (r.a.), katika utawala wake, alitenga eneo la malisho ya umma huko Rabadha, kile Waarabu wanachokiita hima. Akamweka msimamizi, mtumishi wake aitwaye Hunay. Imam Bukhari amepokea wasia aliompa. Alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Kisha akamwambia amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache kuingia, na awe mwangalifu na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na ya Uthman bin Affan. Hao ni watu walioahidiwa Pepo! Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Lakini maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwa kiongozi. Akaona kutoa maji na majani leo ni rahisi kuliko kutoa dhahabu na fedha kesho.

Swali kwa kila mwenye mhuri na kalamu: katika malisho na mabonde yetu leo, nani anaruhusiwa kwanza? Mwenye ng'ombe wanne au mwenye ng'ombe mia nne?

*5. Sasa turudi nyumbani*

Sisi Watanzania tunajua ugomvi huu unafika wapi ukiachwa. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kila damu iliyomwagika pale ilikuwa ya mtoto wa mtu.

Na kwetu hapa? Sitataja majina. Nimewaomba ruhusa wote wawili wanaohusika, na wamekubali nilitaje jambo lao bila majina. Kabla ya mwezi kuandama, ng'ombe waliingia usiku kwenye mahindi ya ndugu yetu mmoja kule bondeni. Asubuhi yake ng'ombe mmoja akakutwa amekatwa panga, na hakupona. Wenye mali wote wawili ni wa msikiti wetu. Tarawehe wanaswali safu moja, mmoja mwanzo wa safu, mwingine mwisho. Imamu akitoa salamu, kila mmoja anatoka kwa mlango wake.

Ndugu zangu, mimi ninayesimama mbele ya safu hiyo ninajua jinsi inavyokuwa nzito.

Kila mmoja kati yao anadai, na kila mmoja anadaiwa. Mwenye ng'ombe anadaiwa mahindi, kwa sababu ilikuwa usiku na zizi ni jukumu lake. Hata kama aliyekuwa na ng'ombe ni kijana wa kuajiriwa akasinzia, jibu ni la mwenye mali. Na aliyekata panga anadaiwa ng'ombe. Mnyama angeweza kufukuzwa. Mnyama hana dhambi, hajui mpaka, hajasoma hati ya shamba. Hasira ya haki haihalalishi mali ya mwenzako.

Wazee wamependekeza jambo lenye harufu ya hukumu ya Nabii Suleiman. Mfugaji ana maksai, mvua za masika ziko karibu, basi alime shamba lile mpaka liwe tayari kwa mbegu, na atoe ng'ombe wa maziwa mwenye ndama akae kwa mkulima mpaka mahindi mapya yakomae. Na mkulima akubali thamani ya ng'ombe aliyekufa ihesabiwe, ailipe kidogokidogo kwa mavuno. Kikao ni Jumamosi baada ya alasiri, ukumbi wa madrasa. Bado hawajasema ndiyo. Waombeeni.

*6. Na wewe usiye na ng'ombe wala shamba?*

Usije ukasema leo sheikh amewasema wengine.

Mtume (s.a.w.) alitufananishia anayechezea mambo yenye shaka na mchungaji anayelisha pembezoni mwa hima ya mfalme, kundi lake haliko mbali na kuingia ndani. Akasema hima ya Allah ni yale aliyoyaharamisha. Kila mmoja wetu ana mifugo yake. Ulimi ni mmoja wao. Simu hii unayosomea nayo ni zizi lenye mlango mwepesi: ukiachia usiku ujumbe wa kumchafua mtu, asubuhi umeshakula heshima aliyoipanda kwa miaka 20. Deni ulilokopa ukanyamaza ni mfugo katika shamba la mtu. Mpaka wa kiwanja uliousogeza hatua mbili ni mfugo. Mshahara wa dada wa kazi ulioukalia ni mfugo.

Tumefunga siku 12 kamili, na leo ya 13. Swaumu ni ibada kubwa, lakini haifuti mahindi ya jirani. Mtume (s.a.w.) alitueleza kuhusu muflisi wa kweli: atakuja Kiyama na swala, funga na zaka, huku amemtukana huyu, amekula mali ya huyu, amempiga huyu. Basi mema yake yatagawiwa wadai wake mmoja mmoja, na yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Siku hiyo, kama ilivyokuja katika hadithi, hata kondoo asiye na pembe atachukuliwa haki yake kwa mwenye pembe. Kama wanyama watalipana, sisi tutaponea wapi?

*Kazi ya leo kabla ya magharibi*

– Mfugaji: hakikisha zizi limefungwa usiku, na zungumza na kijana wako wa kuchunga. Ukimlaza njaa, atalala ng'ombe wakitembea. Na hesabu mifugo yako inayolishwa malishoni bila gharama: ikiwa mbuzi au kondoo wamefika 40, au ng'ombe 30, na mwaka umetimia, zaka imekugusa. Njoo tuhesabu pamoja.

– Mkulima: kama umelima katikati ya njia ya mifugo iliyotengwa na kijiji, umefunga barabara ya mwenzako. Achia. Na ukikuta mifugo shambani, ita mashahidi, ita bwana shamba apime hasara, weka panga chini.

– Kiongozi: faini isiyomfikia aliyeharibiwa mali ni dhulma juu ya dhulma. Na kuchukua cha mwenye kundi kubwa ili ufumbe macho, hiyo ni rushwa, hata ikiitwa pesa ya maji.

– Sisi sote: chagua mtu mmoja ambaye "mfugo" wako uliingia kwake. Mmoja tu kwa leo. Mpigie, au mfuate. Usimwambie "nisamehe kama nimekukosea." Mtajie ulichokosa, na umuulize utalipa vipi. Tusingoje mkono wa Idi, maana aliyetuahidi Idi ni nani?

Mchungaji wa kale alipoona majani yanageuka rangi hakusubiri kesho, alikunja hema. Na siku za Ramadhani nazo zinageuka rangi. Tumebakiwa na 16 au 17.

Ewe Mola wetu, Mwenye kumiliki majani, mvua na nyoyo, tupe ujasiri wa kurudisha tulivyochukua. Wape ndugu zetu wawili busara ya Daud na Suleiman. Warudishe safuni bega kwa bega. Tuteremshie masika yenye baraka, mkulima avune na mfugaji anyweshe, na usiifanye riziki ya mmoja wetu kuwa msiba wa mwingine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Darsa la wanawake ni leo baada ya alasiri kama kawaida. Mwenye swali aniandikie, au tuonane baada ya tarawehe. Ukiona lina faida, mpelekee mwenzako, hasa yule mliyegombana.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.